Mkamwana na Upande wa Pili

Watu wa Tunduma wakiniuliza nafanya kazi gani, nikawajibu kwamba ni mwandishi wa habari, huuliza wa gazeti gani. Nikisema nina blogu yangu, wanavuta midomo: "Aaa, kumbe wale wa kiki." Zamani nilikuwa nabishana mpaka mishipa inanitoka. Siku hizi nawaambia kwamba wa kiki wapo, hata wauza mchele wanaochanganya na mawe wapo, na bado hamjaacha kula wali. Wanacheka, tunaendelea na mengine.

Blogu yenyewe ni ndogo. Naandika foleni ya malori imefika wapi, mahindi yanakwendaje upande wetu na upande wa Zambia, kahawa ya Mbozi inaanza kupokelewa lini, maji ya mtaani kwetu Chapwa yatarudi lini, nani kafiwa na mazishi ni wapi. Nimezaliwa Mbozi, kwa Wanyiha wa kahawa, na kazi nilifundishwa kwenye redio moja ndogo ya jamii ambayo siku hizi haipo tena. Mhariri wetu pale alikuwa mama mkali kweli kweli. Ukimpelekea habari ya mtu aliyelalamikiwa, swali lake la kwanza lilikuwa, "Na yeye anasemaje?" Ukijibu hujampata, anakurudishia karatasi yako bila kuisoma. "Habari ya upande mmoja," alikuwa akisema, "ni umbea uliovaa suti." Nilimchukia mama yule kwa miezi mingi. Leo kila ninapokula kwa kazi hii namwombea maisha marefu.

Mambo yamebadilika, wala sitaki kujifanya kwamba zamani ilikuwa mbinguni. Zamani habari ya Ileje, wilaya jirani ya milimani, ilifika magazetini ikiwa imeshaoza, na mara nyingi haikufika kabisa. Mama wa Ikinga huko angeweza kulia daraja likichukuliwa na maji, na hakuna wa kumsikia isipokuwa jirani zake. Simu zimetupa sauti, hilo nalishukuru na nitalishukuru hata mbele ya waheshimiwa wanaotuona sisi wa blogu ni takataka. Ila simu hizo hizo zimetufundisha kwamba anayewahi ndiye anayesomwa. Anayeuliza kwanza anachelewa, na aliyechelewa hasomwi na mtu.

Haya nayasema kwa sababu ya asubuhi moja nilipokuwa sokoni naulizia bei za mahindi, na simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Kila grupu nililomo lilikuwa limetumiwa posti moja, ya blogu ya kijana mmoja anayeishi mjini, mbali na kwetu, mwenye wafuasi wengi kuliko mimi. Kichwa cha habari kilikuwa kwa herufi kubwa tupu: MWENYEKITI WA USHIRIKA AVUSHA MBOLEA YA WAKULIMA KWENDA MALAWI, FAMILIA YAMKANA. Chini yake palikuwa na picha ya bodaboda zimebeba mifuko, zinateremka njia ya kuelekea mtoni, kwenye mpaka wa Malawi, na picha nyingine ya mzee mwenye koti la kanisani. Mzee yule alikuwa baba mkwe wangu.

Mume wangu ni Mndali wa Ibaba, Ileje. Wazazi wake wako huko huko milimani, wanalima viazi, mahindi na kahawa kidogo, na baba yake alikuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika cha kijiji, na mzee wa kanisa pia. Sasa, kwenye nyumba ile kuna mwiko ambao lazima niueleze hapa, maana bila huo hadithi haieleweki. Mkamwana, yaani mke wa mtoto wa kiume, haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akipita njiani, mimi nakaa pembeni na kugeuza shingo. Hatuli pamoja, hatuzungumzi, na jina lake silitamki. Familia nyingi zimeuacha mwiko huu, wengine wanasema ni mambo ya kale. Kwake yeye ulibaki, ulokole usiuguse. Nilipoolewa nilinung'unika sana, mimi msichana wa redio, nimehoji mpaka wakuu wa wilaya, leo naambiwa nijifiche nyuma ya mlango! Baadaye nikazoea. Ni heshima yao, na mzee mwenyewe alikuwa akiifuata kwa adabu kuliko sisi. Alikuwa akikohoa kwa mbali kabla hajafika uani, ili nisishtukizwe.

Na hapo ndipo lilipotoka lile la "familia yamkana". Nilimpigia mke wa shemeji yangu, anayeishi pale nyumbani na wazee, nikamuuliza kama kuna mwandishi aliyepiga simu. Akasema ndiyo, jana mtu alipiga simu ya nyumbani, akalitaja jina la mzee, akauliza kama ni kwake.

"Ukamjibuje?"

"Ningemjibuje, dada? Nikamwambia hapa sisi huyo hatumtaji. Nikakata."

Mungu wangu! Nilikaa chini kwenye gunia la mtu. Mkamwana mwenzangu alikuwa ameshika heshima yake sawasawa, na kijana wa mjini, asiyejua chochote kuhusu nyumba zetu, akaichukua heshima hiyo akaifanya kashfa. Aliuliza mara moja, kwa dakika moja, akaona kazi ya kutafuta upande wa pili imekwisha.

Jioni hiyo nyumbani kwetu Chapwa hapakukalika. Mume wangu alikuwa anazunguka sebuleni simu sikioni, akipokea shangazi mmoja baada ya mwingine, na wote neno lao lilikuwa moja: mkamwana ana blogu, anangoja nini? Aandike kwamba ni uongo mtupu. Mkutano wa wanachama ulikuwa umeshaitishwa kwa wiki ileile, na maneno ya polisi yalikuwa yameanza kusikika, maana kuvusha mbolea ya ruzuku si mchezo. Mzee angeweza kutoka kwenye mkutano ule na pingu.

"Andika," mume wangu akaniambia. "Wewe unamjua baba."

"Simjui," nikamjibu. "Sijawahi hata kumtazama usoni."

Alikasirika, nami nikakasirika zaidi. Nikampigia yule mhariri wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni mstaafu na anafuga kuku. Alinisikiliza mpaka mwisho, kuku wakilia nyuma yake. Akasema habari ya mkwe wako haikuhusu, mpe mwandishi mwingine. Nikamwambia mwandishi mwingine wa kupanda Ibaba kabla ya mkutano hayupo, wengine wote wameshashea ile posti. Akasema, "Basi nenda. Mstari wa kwanza uwaambie wasomaji wewe ni nani kwake. Halafu umuulize lile swali ambalo hutaki kumuuliza."

Kesho yake tulipanda milima. Ibaba ilikuwa na ukungu na baridi ile inayoingia mpaka kwenye meno. Njiani mahindi ya watu yalikuwa ya njano, mafupi, yamekosa mbolea ya kukuzia, na hilo lilininyima raha, kwa sababu njano ile haikuwa uongo wa kijana wa mjini. Iwe ilivuka au haikuvuka, mbolea ya wakulima haikuwafikia.

Sasa nitamhoji vipi mtu nisiyeruhusiwa kumwona? Mume wangu akasema aniulizie yeye. Nikakataa. Mtoto hawezi kumuuliza baba yake swali la namna ile mpaka mwisho, angeishia katikati na kuomba maji ya kunywa. Mama mkwe ndiye aliyetoa njia. Mama yule ni mfupi, mcheshi, mwenye ulimi wa kukata mboga. Akasema, "Wewe kaa jikoni. Yeye nitamweka nje, nyuma ya ukuta, kwenye kuni. Mimi nitakaa mlangoni. Ukisema, nampelekea. Akisema, nakuletea. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya na mkwe wangu mimi, alipokuwa anagawa mashamba."

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi kwenye kigoda karibu na moto, simu yangu inarekodi, moshi unanitoa machozi. Yeye nje, hatua chache tu, ukuta wa udongo katikati yetu. Nilikuwa namsikia anavyopumua. Lakini kwa mwiko wa nyumba ile, nilikuwa sijasikia kitu mpaka mama mkwe aseme.

Nilianza na maswali mepesi. Mbolea ilifika lini, ilihifadhiwa wapi. "Anauliza ilihifadhiwa wapi," mama mkwe akasema, akigeuza kichwa nje. "Ghalani kwetu," ikaja sauti nzito. "Anasema ghalani kwao," mama akanigeukia. Wakati mwingine alikuwa akiongeza ya kwake: "Anasema ghalani, na mimi nilimwambia toka mwanzo ghala lile linavuja." Kutoka nje nikasikia mguno. Karibu nicheke.

Kisha nikauliza lile swali. "Mama, muulize. Wanachama hawakupata mbolea yao. Ilikwenda wapi?"

Mama mkwe hakugeuka mara moja. Alinitazama mimi kwanza, kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake. Ndipo akauliza.

Mzee akasema, taratibu, na nilisikia kila neno: "Ilinyeshewa. Bati liling'oka, nami nilikuwa nimeambiwa nilirekebishe, nikawa nasema wiki ijayo. Ikayeyuka, ikaganda kama mawe. Nikaona aibu. Nikakodi bodaboda wakaipeleke kwenye shamba langu la bondeni, nikaifukia. Nikawaambia wanachama haijafika yote."

Mama mkwe akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Anasema ilinyeshewa. Ikaharibika."

Basi.

Hapo ndipo nilipokwama, na sijawahi kukwama hivyo katika kazi hii. Kwa desturi ya nyumba ile, jibu lililonifikia lilikuwa moja: ilinyeshewa, ikaharibika. Ningeliandika hilo, lingekuwa kweli, lingemwokoa na polisi, lingewafurahisha mashangazi wote, na hakuna ambaye angenilaumu, kwa maana hakuna mkamwana anayesikia kisichopitia kwa mama mkwe. Lakini masikio yangu yalikuwa yamesikia "nikaifukia" na "haijafika yote". Simu yangu nayo ilikuwa imesikia. Nilimtazama mama yule aliyenipokea nikiwa msichana, aliyenikanda tumbo nilipojifungua, nikaona anachoniomba. Nilimpenda na nilimkasirikia kwa wakati mmoja. Nikafungua mdomo, na wallahi sijui ningesema nini.

Sauti ikatoka nje. "Mama. Hujamaliza."

Mama mkwe akakaza shingo. "Nimemaliza."

"Hujamaliza. Mwambie yote. Nimemwambia yeye, sikuziambia kuni."

Ndipo mama mkwe akalia. Alilia akiwa amesimama, mkono kwenye mwimo wa mlango, na huku akilia akanirudishia kila kitu nilichokuwa nimekisikia: bati, aibu, bondeni, haijafika yote. Hakupunguza neno. Nami niliandika nikilia, na ule haukuwa moshi.

Sikuishia hapo, maana mhariri wangu asingeniachia. Mume wangu alikwenda bondeni na jembe, na mimi nyuma yake. Tulichimba pembeni ya viazi, tukayakuta mabonge meupe, magumu, mifuko imechanika, chapa ya ruzuku bado inasomeka. Nikapiga picha. Nikamtafuta mwendesha bodaboda mmoja wa wale waliokuwa kwenye ile picha, akasema ndiyo, mizigo ilishushwa bondeni, mtoni hawakufika. Nikazungumza na mama mmoja mwanachama, mjane, ambaye mahindi yake yalikuwa yamekauka ncha. Yeye aliniambia maneno makali kuhusu mwenyekiti, na nikayaandika yote, nikijua nakwenda kulala kwenye nyumba ya huyo mwenyekiti.

Mstari wa kwanza wa habari niliuandika hivi: mwandishi wa habari hii ni mke wa mtoto wa mtu anayezungumziwa. Kisha nikaandika mbolea haikuvuka mpaka, na ushahidi ni huu. Kisha nikaandika kwamba iliharibika kwa uzembe wa mwenyekiti na kwamba aliwaficha wanachama. Kila palipohitaji jina lake nikaacha nafasi. Nilipomaliza nikampa mume wangu simu, naye akakaa kitandani akayajaza majina ya baba yake kwa kidole kimoja. Alipofika pale pa kuficha alisimama kwa muda, akaandika, akanirudishia. Namshukuru mpaka leo kwa kidole kile.

Kabla sijairusha, mama mkwe akaja na ujumbe kutoka nyuma ya ukuta. Wanachama wengi wana simu za tochi, hawaoni blogu. Mzee anataka habari isomwe kwenye mkutano, na aisome aliyeiandika.

"Haiwezekani," nikasema. "Atakuwepo."

"Amesema utasoma," mama mkwe akajibu, akaondoka zake.

Mkutano ulifanyika mle mle ghalani, chini ya bati lenye shimo. Nilisimama nje na wanawake wengine. Ndani palikuwa pamejaa na hasira zilikuwa zimepanda, wapo waliokuja na ile posti ya kijana wa mjini wakiionyeshana. Katibu akatangaza kwamba mwenyekiti ameomba jambo lisomwe. Nikaona watu wa mbele wanapisha. Baba mkwe akainuka kwenye kiti chake, akavua kofia, akatoka kwa mlango wa nyuma. Ghala zima likaguna, wakadhani anakimbia. Hakukimbia. Alikwenda kusimama nje ya dirisha, ameupa ukuta mgongo, ili mimi nipate nafasi ya kuingia.

Katibu akaniita. Nikaenda mbele, nikaanza kusoma. Nilisema mimi ni nani. Nikasoma: "Mwenyekiti wa chama," halafu nikafika kwenye jina, na mdomo ukagoma. Watu wa pale walijua sababu. Wazee waliinamisha vichwa, hata wale wenye hasira. Katibu akanyoosha shingo ili anisaidie kulisoma.

Kutoka dirishani ikaja sauti ile nzito. Alitaja jina lake, la baba yake na la babu yake.

Nikaendelea. Nikasoma kwamba mbolea haikuvuka mto, nikasikia watu wakipumua. Nikageuza ukurasa kwenye simu, nikafika pale panapouma, panaposema nani aliiacha ikanyeshewa na nani aliwaambia wanachama haijafika. Nikakwama tena, jina liko mbele yangu. Safari hii kimya kilikuwa kirefu, na yule mjane alikuwa amekaa mbele kabisa, mikono kifuani. Mzee akalitaja. Sauti yake ilikatika katikati, akalirudia jina zima toka mwanzo ili lisikike. Kila nilipokwama alilitaja, mpaka habari ikaisha.

Uenyekiti waliuchukua siku ileile, kwa mikono kunyooshwa, na sikuona mkono wa kumtetea, wala haukustahili kuwepo. Lakini neno la kuvusha halikutajwa tena na mtu, polisi hawakuja, na yule mjane alipopita dirishani alimwamkia shikamoo kama siku zote. Kijana wa mjini aliifuta posti yake kimyakimya bila hata samahani, kisha baada ya siku chache akaichukua habari yangu na kuiweka kwake bila kunitaja. Nikasema sawa, angalau sasa amebeba iliyo kweli.

Jioni tulikuwa jikoni, mama mkwe anamenya viazi, nami nasonga ugali. Nje kuni ziligongana, nikajua mzee ameketi mahali pake. Akasema kitu kwa sauti ya chini. Mama mkwe akanigeukia.

"Anasema umesoma vizuri, ila ulikuwa unakimbia mno."

Nikacheka na machozi yakanitoka hapo hapo. Nilikuwa nimehoji watu wakubwa wengi, wenye makoti na walinzi, na kila mmoja alikuwa akitafuta namna ya kulitoa jina lake kwenye sentensi. Sijawahi kumshukuru mtu niliyemwandika kama nilivyomshukuru mzee huyu, na shukrani ilinijaa kifuani hadi sikuweza kusonga ule ugali.

"Mama," nikasema, "mwambie nashukuru."

Mama mkwe aliendelea kumenya. Hakugeuka ukutani.

"Mwambie mwenyewe," akasema. "Anakusikia."

Nikaweka mwiko chini, nikaufuta mkono kwenye kanga. "Asante, baba."

Nje kuni zilisogezwa. Kisha akaitika.